Nyumba na Afya: Mstari uliokuja asubuhi

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba safu hii itaongea juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Mtusamehe, maji yatangoja. Kuna jambo limetokea katika darasa letu la Katwe, na sehemu ya kosa ni yetu sisi walimu, kwa hiyo tumeona heri tuliandike wenyewe kabla halijafika kambini kwa mdomo likiwa limeongezwa chumvi.

Kwa wale wasiotujua, tuko walimu watatu wa kujitolea, wanaume wawili na dada mmoja. Jioni mara tatu kwa wiki tunafundisha akina mama kusoma, na Kiingereza kidogo cha sokoni na cha hospitalini. Wengi wao mchana wanatembeza vitenge na mikufu mpaka Kabalagala na Nsambya, wengine wanafua nguo za watu, wanafika darasani miguu imevimba. Vitabu vya kutosha hatuna. Basi tumezoea kusomea vitu vya kila siku: pakiti ya chumvi, risiti ya umeme, tangazo la chumba cha kupanga, na zaidi ya vyote zile karatasi zinazokunjwa ndani ya boksi za dawa. Maneno ya karatasi hizo ni magumu lakini yana faida, mtu akiyajua leo anayatumia kesho.

Jumanne moja mama mmoja kijana akaleta kiboksi cha kipimo cha mimba, kile cha kijikaratasi chembamba kinachouzwa karibu kila duka la dawa hapa mjini. Alikuwa amekinunua shilingi 2,000. Wenzake wakacheka, wakafunika midomo kwa vitenge, halafu kila mmoja akataka kukishika. Sisi tukafurahi, somo limejileta lenyewe. Tukaandika ubaoni herufi C na herufi T. Tukaeleza: C ni mstari wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama T ipo. T ni mstari wa jibu. Mstari mmoja kwenye C, hakuna mimba. Mistari miwili, mimba ipo. Akina mama wakaimba pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: mmoja hakuna, miwili iko. Saa mbili ya usiku ikagonga, na baada ya saa hiyo njia ya kwenda kwao haina usalama, tukafunga. Tukasema upande wa pili wa karatasi tutausoma Alhamisi.

Kwenye benchi ya pili alikuwa ameketi mama mkwe wa yule mama kijana. Sisi tunamwita koko, kwa heshima ya umri wake. Ni mwanafunzi hodari, hakosi. Alikariri wimbo vizuri kabisa.

Sasa lazima tueleze kwa nini yule mama alinunua kipimo. Mume wake yuko kambini tangu miezi mitano. Si ugomvi, ni mpango ambao familia zetu nyingi zinaujua: mmoja anabaki kambini kushika shamba la mahindi na kuwepo siku wanapohesabu watu, mwingine anakaa Kampala kutafuta pesa ya kodi na ya shule. Huyu mama alikuwa hajaona siku zake kwa miezi miwili. Alikuwa hajalala na mtu. Alijua mwenyewe kwamba hana mimba. Lakini majirani walikuwa wameanza kuangalia tumbo lake, na koko naye alikuwa ameanza kuhesabu vitambaa vinavyoanikwa kwenye kamba. Kwa hiyo akatoa 2,000 ya unga akanunua karatasi, ili karatasi iseme.

Usiku ule ule wa Jumanne alijipima. Mstari ukatokea mmoja, kwenye C. Akashukuru, akakitupa kile kijikaratasi kwenye mkebe wa takataka nyuma ya mlango, akalala. Asubuhi koko akiwa anamwaga takataka akakiona. Kulikuwa na mistari miwili. Wa pili ulikuwa hafifu, rangi ya maji ya majivu, lakini upo. Miwili iko.

Chumba kile wanalala watu saba. Kabla chai haijachemka koko alikuwa ameshapiga simu Nakivale. Mume akauliza swali moja tu: miezi mitano na mimba, inakuwaje? Halafu akasema atakuja mwisho wa mwezi kuchukua watoto, na mama yao akatafute mwenye mzigo.

Alhamisi mama hakuja darasani. Koko pia hakuja. Hatukuelewa. Ijumaa jirani mmoja akatuambia, na tukatazamana sisi watatu bila kusema kitu, sababu kila mmoja alikumbuka upande wa pili wa ile karatasi. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi ndogo lakini nzito: usisome jibu baada ya dakika 10.

Tueleze sasa kile ambacho tungeeleza Jumanne kama tungeanza nusu saa mapema.

Yai la mwanamke likikutana na mbegu ya mume, linasafiri polepole mpaka kwenye mfuko wa uzazi na kujishikiza ukutani, kawaida siku 6 mpaka 10 baadaye. Likishajishikiza ndipo mwili unaanza kumwaga homoni moja ya mimba, ambayo waganga wanaiandika hCG. Inaingia kwenye damu, halafu inatoka na mkojo. Mwanzoni ni kidogo sana, lakini siku za kwanza inaongezeka mara mbili kila baada ya siku 2 au 3 hivi. Kijikaratasi kile kinatafuta homoni hiyo tu. Hakitafuti mwanamume, hakitafuti mwezi mimba ilipoingia, hakijui kama mimba imekaa mahali pake au la.

Mkojo ukipanda juu ya karatasi unabeba chembe ndogo ndogo za rangi. Katika vipimo vingi vyekundu chembe hizo ni za dhahabu, dhahabu ya kweli, ndogo kiasi kwamba inaonekana nyekundu. (Sisi watu wa Kivu tumekimbia dhahabu, kumbe inatungoja famasi.) Kama homoni ipo, inazishika zile chembe na kuzifunga kwenye mstari wa T. Kama haipo, chembe zinapita moja kwa moja mpaka C. Ni ufundi ule ule wa kipimo cha malaria cha tone la damu, kile nesi anachokiweka mezani, na wa vile vipimo vya haraka vya korona.

Sasa, karatasi ikiachwa, mkojo unakauka. Na pale kwenye T, hata kama hakuna homoni, kuna dawa ilipakwa kiwandani, na maji yakikauka yanaweza kuacha alama hapo, kama vile chai inavyoacha duara mezani. Alama hiyo haina rangi nzuri, iko kama kijivu, kama kivuli. Si jibu. Ni doa. Ndiyo sababu wenye kutengeneza wanaandika dakika. Kipimo hiki kinasomwa kama uji jikoni: kuna wakati wake, ukiupitisha umeungua na huwezi kusema ndivyo ulivyopikwa.

Lakini wasomaji msije mkachanganya. Mstari hafifu wenye rangi ile ile ya C, uliotokea ndani ya dakika zake, huo ni mstari. Mimba changa inatoa homoni kidogo, kwa hiyo inaandika kwa wino mwepesi. Ukiona hivyo ngoja siku 2 au 3, pima tena na kipimo kingine. Kama ni mimba inayokua, wino utakuwa umekolea.

Jumamosi tulienda kwao. Dada mwalimu akaingia ndani kwa yule mama, akamkuta ameshafunga nguo zake kwenye mfuko. Sisi wawili tukabaki na koko nje kwenye kibaraza. Hatukwenda kumfundisha mtu mzima adabu, tulikwenda kuomba msamaha. Tukamwambia: koko, tulikufundisha nusu ya karatasi. Akatujibu: nusu ipi? Macho yangu yaliona mistari miwili. Tukamwambia ni kweli, uliona. Akasema, basi?

Hapo ndipo mmoja wetu akapata wazo ambalo wazee watatusamehe. Tulikuwa tumenunua vipimo vitatu njiani. Mwalimu, mwanaume mwenye ndevu, akachukua kikombe cha plastiki akaenda chooni. Akarudi akachovya viwili mbele ya koko, tukaweka simu juu ya kiti kuhesabu dakika. Dakika 5: mstari mmoja, mmoja. Koko akaangalia, akaguna. Tukamwomba avihifadhi yeye mwenyewe mpaka Jumapili, juu ya kabati, mtu asiviguse.

Cha tatu akakitumia yule mama, palepale, na koko akakaa naye dakika zote 5. Mstari ulikuwa mmoja. Miezi miwili bila siku zake na mstari mmoja: kama ingekuwa mimba ya muda huo, homoni ingekuwa nyingi na kijikaratasi kingekuwa kimepiga kelele.

Jumapili baada ya ibada koko akatuita kwa simu ya jirani. Katika vipimo viwili vya mwalimu, kimoja kilikuwa na kivuli kwenye T. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akasema: mwalimu, hongera, utazaa lini? Halafu akanyamaza kidogo, akasema tumpe namba ya mtoto wake, ile yake imepotea kwenye simu. Alimpigia mwenyewe. Tuliyoyasikia upande wa huku hatuyaandiki, ni ya mama na mwana wake.

Kwa nini mama huyu alikosa siku zake? Tulimsindikiza kituo cha afya cha serikali. Huko wanapokea mkimbizi kama raia, na kumwona nesi ni bure, ingawa dawa zikiwa zimeisha utaambiwa ukanunue nje, mwende na akiba. Nesi akampima tena, hana mimba. Akampima uzito, akamuuliza anakula mara ngapi. Mara moja, jioni, baada ya watoto. Akamuuliza analala saa ngapi. Alikuwa na deni la kodi la miezi miwili na mwenye nyumba alikuwa ametishia kutoa mabati. Mwili wa mwanamke ukiona njaa na hofu unafunga mlango wa mwezi. Wengi wenu mnakumbuka safari ya kutoka kwetu mpaka mpakani Bunagana, ni wanawake wangapi walikaa miezi bila kuona kitu na hawakuwa na mimba. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo inaweza kusimamisha siku kabisa. Kunyonyesha vilevile, ila hapo angalieni: mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hajaona mwezi wake wa kwanza, kwa hiyo kukosa siku hakumwambii kitu, na akiwa na shaka apime.

Sasa tuandike jinsi ya kutumia, polepole, mkate karatasi hii mkaitunze.

Nunua famasi au duka la dawa linaloeleweka, si kwa mtu wa kutandaza barabarani juani. Soma tarehe ya mwisho. Mfuko uwe mzima, haujatoboka, na usiufungue mpaka umeshika mkojo mkononi, sababu hewa yenye unyevu inaharibu. Usikiweke chini ya bati nyumbani, kinaandikwa kisizidi joto la 30. Bei kubwa haina maana kipimo ni bora zaidi. Kile cha plastiki cha bei juu ndani yake kina kijikaratasi kile kile, unalipia nyumba yake.

Pima kuanzia siku ile ambayo mwezi wako ungefika na haukufika. Ukipima kabla, unaweza kupata mstari mmoja ukadhani ni jibu, kumbe homoni haijatosha. Kama siku zako hazina mpangilio, hesabu wiki 3 tangu ulipolala na mume. Mkojo wa asubuhi ya kwanza ndio mzito. Ukiwa umekunywa majagi mawili ya maji umeuzimua. Kojoa kwenye kikombe safi kisicho na sabuni. Chovya upande wa mishale, usipite mstari ulioandikwa MAX, hesabu sekunde ambazo karatasi yako imesema, halafu lalisha mezani. Angalia saa. Soma kwa dakika zilizoandikwa, kawaida 3 mpaka 5. Ikipita 10, usisome wewe wala mtu mwingine. Kivunje, kifunge kwenye karatasi, kitupe. Kuanzia sasa darasa letu linasema hivyo: kivunje.

Mstari mmoja na mwezi bado haujafika, rudia baada ya wiki. Mstari mmoja mara ya pili na bado hakuna mwezi, nenda kwa nesi, kuna sababu nyingine ya kutafutwa. Dawa za malaria, panadol, vidonge vya uzazi wa mpango, antibiotiki, hivyo havibadilishi jibu. Mtu ambaye mimba imetoka karibuni anaweza bado kuona mistari miwili kwa wiki kadhaa, mwili unamaliza kusafisha homoni taratibu.

Tumeulizwa pia juu ya mkojo kwenye sukari, kwenye chumvi, na kwenye dawa ya meno mpaka itoe povu. Dawa ya meno inatoa povu na mkojo wa mwalimu pia. Msipoteze sukari.

Watu wamehangaika na swali hili zamani sana. Wamisri wa kale walimwambia mwanamke akojolee mbegu za ngano na shayiri waone kama zitaota. Mwaka 1927 huko Berlin waganga wawili, Aschheim na Zondek, waliingiza mkojo wa mwanamke kwenye panya wadogo, halafu wakawapasua waone ndani. Baadaye kidogo Mwingereza mmoja, Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, akagundua maajabu ya chura mmoja wa Afrika mwenye kucha: ukimchoma homoni hizi, anataga mayai. Basi kwa miaka mingi, mpaka karibu 1960 na zaidi, vyura wa kwetu Afrika walisafirishwa kwenda hospitali za Ulaya na Marekani, wanachomwa sindano ya mkojo wa bibi fulani jioni, na asubuhi wanaangalia kama kuna mayai. Chura hakufa, anatumika tena. Fikirieni mtu anangoja kujua maisha yake kwa chura.

Hata hivyo, jibu la chura lilikuwa linasomwa na daktari, mwanamke aliambiwa baadaye, wakati mwingine mume akaambiwa kwanza. Mwaka 1967 msichana mmoja wa Marekani, Margaret Crane, ambaye hakuwa mwanasayansi, kazi yake ilikuwa kuchora maboksi ya vipodozi kwenye kampuni ya Organon, aliona safu za chupa za kupimia mimba maabarani akauliza kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani. Akatengeneza kiboksi chake. Wakubwa walikataa, waliogopa madaktari watakasirika, na waliogopa wanawake wakijua peke yao watafanya nini. Kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1971, na kwao Marekani kikafika 1977. Yeye alisaini kuuza haki yake kwa dola 1, na anasema hata hiyo dola hakuiona.

Tumeandika habari yake sababu katika chumba kile cha Katwe karatasi ilisomwa na watu wote isipokuwa yule aliyeinunua. Yeye alisoma dakika 5, akapata jibu la kweli. Wengine walisoma saa 8 baadaye kutoka kwenye takataka, na neno lao ndilo lililofika Nakivale. Kipimo ni cha mwenye mkojo. Akitaka kuonyesha, ataonyesha.

Hapa tuseme neno kwa wazazi wenye wasichana shuleni. Mnajua shule nyingi za Uganda zinapima wasichana wanaporudi kutoka likizo, na wazazi wengine siku hizi wanawapima nyumbani kwanza, wakiwa wameshika fimbo. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na nyingi zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na katikati hapo wasichana wengi walipata mimba. Wizara ya Elimu ikaandika upya mwongozo wake mwaka huo huo wa 2020: msichana mwenye mimba asifukuzwe moja kwa moja, anapewa likizo ya uzazi na anaruhusiwa kurudi darasani mtoto akiwa amefika walau miezi 6. Walimu wakuu wengine wanasahau mwongozo huo haraka, kwa hiyo mzazi aujue. Na mwanamume aliyelala na msichana chini ya miaka 18 amevunja sheria ya Uganda, awe nani, hata kama ni mchumba, hata kama mahari ilishatajwa. Kama msichana au mama amelazimishwa, asingoje mwezi wala kipimo. Aende hospitali siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinaanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5, mapema ndiyo bora.

Ukipata mistari miwili na umefurahi, au hujafurahi, njia inayofuata ni moja: kliniki, usingoje tumbo lionekane. Watakupima damu, presha, virusi, kaswende, watakupa vidonge vya damu na foliki, na chandarua. Vidonge vya kuzuia malaria vinaanza wiki ya 13. Ukiwa na homa kabla ya hapo, mwambie muuza dawa kwanza kwamba una mimba au una shaka, ndipo akupe dawa. Shirika la Afya Duniani linasema mama aonekane mara 8 mpaka kujifungua. Wanaokwenda mwezi wa saba kwa mara ya kwanza wamekosa nusu ya faida.

Na hili tulisome mara mbili. Mistari miwili pamoja na maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, au damu kutoka, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au maumivu kwenye ncha ya bega, hiyo inaweza kuwa mimba iliyojishikiza nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija. Kijikaratasi hakiwezi kuitofautisha, kinaandika miwili tu. Mrija ukipasuka mama anavuja damu ndani na hakuna anayeona. Hapo usinywe mizizi, usingoje asubuhi, usingoje mume apokee simu. Panda boda au gari lolote uende hospitali yenye chumba cha upasuaji. Hapa mjini kuna Kawempe, kuna Mulago ya akina mama, na Kisenyi kituo cha nne kiko karibu na sisi wa Katwe. Mlioko kambini, anzeni kituo cha afya mlichonacho, muwaambie neno "kizunguzungu" mapema ili watafute gari la wagonjwa.

Yule mama na koko wote wawili wametupa ruhusa tuandike haya bila majina. Koko alitaka tuongeze kwamba mkosefu wa kwanza ni ubao wa mwalimu. Tumeongeza.

Mume alifika mwisho wa mwezi kama alivyosema, na gunia la mahindi. Watoto hawakuchukuliwa. Mama kijana bado ana mfuko wa nguo uliofungwa kwenye kona, dada mwalimu aliuona wiki iliyopita, na hatukumuuliza. Darasani ameanza kuja tena, ila anakaa benchi ya mbele, peke yake.

Alhamisi tulimaliza upande wa pili. Koko ndiye aliyeomba kusoma. Alifuata kwa kidole, neno kwa neno, ile sentensi ya dakika 10, ilimchukua muda mrefu kuliko dakika yenyewe, na darasa likamngoja. Mwezi ujao ni maji.